Sinthesaiza Isiyo na Vishikizo: Jinsi Vitelezi Vinavyomrudishia Mpigaji Kazi Yake



Mtu wa kiwandani hahitaji kuelezwa umuhimu wa kishikizo. Anayesimamia kikaushio cha chai anajua pa kupunguza joto hata akifumba macho. Anayelisha mkonge katika korona anajua swichi ya kusimamisha mashine iko upande gani wa mkono wake. Mashine isiyo na pa kushika haimsikilizi mfanyakazi. Yeye huitazama tu, akaihudumia, na kungoja iseme inavyotaka.

Leo tutaeleza mashine ya namna hiyo, na dawa yake. Si mashine ya kusokota nyuzi wala ya kukamua miwa, bali ni ya kutengeneza sauti za muziki. Jina lake sinthesaiza. Tutaeleza jinsi sinthesaiza ya zamani isiyo na vishikizo inavyoweza kuamriwa kwa kutumia kidhibiti cha vitelezi, yaani ubao wenye vishikizo vinavyosukumwa juu na chini, kama ule ubao wa fundi mitambo katika studio ya redio.

MUZIKI NAO NI KAZI

Huenda ndugu msomaji akauliza: habari za vinanda zinaingiaje katika gazeti la chama cha wafanyakazi? Zinaingia kwa mlango wa mbele. Kupiga muziki ni kazi, na mpigaji ni mfanyakazi. Katika nchi jirani ya Tanzania jambo hili lilikubaliwa mapema. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, nacho kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz. Katika bendi za namna hiyo mpigaji alikuwa mwajiriwa, na magitaa, ngoma na tarumbeta vilikuwa mali ya shirika. Mpigaji akiacha kazi, aliondoka na ujuzi wake tu.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 kinanda cha umeme kilianza kuchukua nafasi ya tarumbeta na saksafoni katika bendi nyingi za Afrika Mashariki, na katika taarabu ya kisasa kikashika nafasi ya vyombo vingi kwa pamoja. Mtu mmoja akawa anafanya kazi ya watu wanne. Hofu iliyotokana na jambo hilo haikuwa ya kwetu peke yetu. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la Chama cha Wanamuziki cha Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza zipigwe marufuku, kwa sababu zilikuwa zinachukua ajira za wapigaji wa okestra. Chama kizima hakikulifanya azimio hilo kuwa msimamo wake, na sinthesaiza zikaendelea kuingia.

Mashine ikishaingia, mfanyakazi ana mambo mawili ya kudai: mgawo wa haki katika faida inayoletwa na mashine hiyo, na ujuzi wa kuiamuru. Dai la kwanza ni la mkataba, nasi tutaligusa mwishoni. La pili ndilo shabaha kubwa ya makala hii.

SINTHESAIZA YA ANALOGI HUFANYAJE KAZI?

Sinthesaiza ya analogi hutengeneza sauti kwa umeme unaopanda na kushuka ndani ya saketi, bila kutumia sauti iliyorekodiwa mahali pengine. Kazi yake yaweza kugawanywa katika hatua tatu, kama kazi ya kiwanda.

Hatua ya kwanza ni osileta. Huyu ndiye mtoaji wa mali ghafi. Hutoa mtetemo wa umeme wenye sauti kali, iliyojaa, kama mlio wa honi.

Hatua ya pili ni filta. Hii hufanya kazi ya chekeche: huzuia sehemu kali za sauti na kuruhusu sehemu nzito. Ukiifunga, sauti huwa ya kufifia, kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Ukiifungua, sauti huwa ya kung'aa. Filta ina pia kishikizo cha mwangwi wa ncha, ambacho kikiongezwa sauti huanza kupiga miluzi.

Hatua ya tatu ni kipaza cha mwisho, kinachoamua sauti itoke kwa nguvu kiasi gani. Juu ya hatua hizi tatu yuko msimamizi anayeitwa enveloopu. Yeye huamua sauti ianze haraka au polepole, ishuke kwa muda gani, ibaki kwa kiwango gani wakati kidole kiko kwenye kinanda, na ikawie kiasi gani baada ya kidole kuondoka.

Kila kitu katika hatua hizo kina kipimo chake: filta ifunguliwe kiasi gani, sauti ianze upesi kiasi gani, na kadhalika. Kutengeneza sauti ni kupanga vipimo hivyo. Ndiyo maana mpigaji mzuri huhitaji vishikizo: husikiliza kwa sikio na kurekebisha kwa mkono, papo kwa papo, kama mpishi anavyoonja mchuzi na kuongeza chumvi.

VISHIKIZO VILIKWENDA WAPI?

Sinthesaiza kubwa za mwisho wa miaka ya 1970 zilikuwa na vishikizo vingi juu ya uso wake. Oberheim OB-X ya mwaka 1979, iliyotengenezwa California huko Marekani, ni mfano mzuri: karibu kila kipimo kilikuwa na kishikizo chake.

Lakini kishikizo ni gharama. Kila kimoja chahitaji tundu katika bati, kifaa cha kugeuzia umeme chini yake, waya, na mikono ya mtu wa kukifunga na kukichomelea risasi. Kisha chipu za kompyuta zikashuka bei. Waajiri wakapiga hesabu: badala ya vishikizo hamsini, weka vitufe vichache na dirisha dogo la kuonyesha namba. Mpigaji achague namba ya kipimo, abonyeze, aone kiasi, abonyeze tena. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ambayo ni ya dijitali, iliuzwa kwa wingi sana ikiwa na vitufe na kitelezi kimoja tu cha kubadili vipimo. Baada ya hapo hata watengenezaji wa sinthesaiza za analogi wakafuata mtindo huo.

Mfano wa mwisho kabisa wa mwendo huo ni Oberheim Matrix-1000, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Hili ni sanduku bapa la kufungwa katika fremu ya chuma. Halina kinanda, kinanda huunganishwa kutoka nje. Ndani yake mna sauti sita zinazoweza kulia kwa pamoja, na kila sauti ina osileta mbili, filta yake na kipaza chake. Muda wa osileta hupangwa na saketi ya dijitali, lakini sauti yenyewe ni ya analogi, nayo hupita katika chipu aina ya CEM3396, moja kwa kila sauti. Ni mtambo wa nguvu, na vipimo vyake vinakaribia mia moja.

Lakini mbele ya sanduku hilo hakuna hata kishikizo kimoja cha filta. Pana vitufe vya namba tu. Mnunuzi alipewa sauti 1,000 zilizokwisha tengenezwa, namba 000 hadi 999, achague. Sauti 800, kuanzia namba 200, haziwezi kufutwa wala kubadilishwa mahali pake. Ni nafasi 200 tu za mwanzo zilizoachwa kwa ajili ya sauti za mwenye chombo. Na ukitaka kubadili sauti, vitufe vya mbele havina msaada. Mpigaji akafanywa mchaguaji, kama mtu anayepewa nguo za mtumba bila sindano wala mkasi.

Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi nyuma ya sanduku. Mlango huo ni MIDI.

MIDI NI NINI?

MIDI ni lugha ya dijitali ambayo vyombo vya muziki hutumia kupelekeana amri. Kabla yake, chombo cha kampuni moja hakikuelewana na cha kampuni nyingine. Mwaka 1981 Dave Smith, mhandisi Mmarekani wa kampuni ya Sequential Circuits, alipendekeza mbele ya wahandisi wenzake kuwe na lugha moja. Kampuni za Kijapani, zikiongozwa na Ikutaro Kakehashi wa Roland, zikashirikiana naye. Mwezi Januari 1983, katika maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko California, Prophet-600 ya Sequential iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na zikasikilizana. Mwaka 2013 Smith na Kakehashi walitunukiwa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo.

Jambo kubwa kwetu sisi ni hili: lugha hiyo iliachwa iwe ya wote. Mtengenezaji yeyote aliweza kuitumia bila kulipa ada ya leseni. Kwa sababu hiyo ubao uliotengenezwa na kampuni nyingine kabisa, miaka mingi baadaye, waweza kuamuru sanduku la Oberheim. Laiti kila kampuni ingejifungia lugha yake, sanduku hilo leo lingekuwa bubu.

Waya wa MIDI una kichwa cha pini tano. Habari hupita kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde. Kila namba moja huchukua biti kumi, kwa hiyo waya hupitisha namba 3,125 kwa sekunde. Kiasi cha kipimo kwa kawaida huandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Sifuri ni kishikizo kilichofungwa kabisa. 127 ni kilichofunguliwa mpaka mwisho. 64 ni katikati.

AMRI MOJA INAVYOSOMEKA

MIDI ina amri za kawaida zinazoeleweka na vyombo vyote, kama vile "piga noti hii" na "acha noti hii". Lakini pia kila kampuni imepewa nafasi ya amri zake maalumu, zenye namba ya utambulisho wa kampuni hiyo. Vipimo vya ndani vya Matrix-1000 hubadilishwa kwa amri maalumu za namna hii. Hebu tuichukue moja tuisome, kama tunavyosoma hati ya mshahara, mstari kwa mstari:

240 – amri maalumu inaanza.
16 – amri hii ni ya vyombo vya Oberheim.
6 – chombo ni cha ukoo wa Matrix-6 na Matrix-1000.
6 – kazi ni kubadili kipimo kimoja.
21 – kipimo chenyewe ni kufunguka kwa filta.
64 – kiasi ni 64.
247 – amri imekwisha.

Namba saba tu, na filta imefunguka nusu. Ukibadili ile namba ya sita kutoka 64 kuwa 100, filta hufunguka zaidi. Ukibadili ile ya tano kutoka 21 kuwa 24, utakuwa unaamuru mwangwi wa ncha badala ya filta. Hakuna uchawi wowote hapo.

Ndugu msomaji atakayefungua kitabu cha maelezo ya chombo atakuta namba hizi zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, si ya kumi: 240 huandikwa F0, 16 huandikwa 10, 21 huandikwa 15, na 247 huandikwa F7. Asiogope. Ni namba zilezile kwa maandishi mengine.

KIDHIBITI CHA VITELEZI

Sasa tunahitaji kitu cha kutuma amri hizo kila mkono unaposogea. Kitu hicho ni kidhibiti cha vitelezi. Hakitoi sauti yoyote. Kazi yake ni kupima mahali kitelezi kilipo, kukigeuza kuwa namba, na kuituma namba hiyo katika waya wa MIDI.

Miaka ya 1990 kampuni ya Access ya Ujerumani ilitengeneza ubao wa vishikizo maalumu kwa ajili ya Matrix-1000. Lakini hata kidhibiti cha kawaida kitafaa, ikiwa kinaweza kutuma amri maalumu tulizozieleza. Si vyote vinavyoweza. Vingine hutuma amri za kawaida tu, ambazo kwa vipimo vya sanduku hili hazitoshi. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya kutoa pesa. Mfano wa kidhibiti kinachoweza ni Behringer BCF2000, kilichouzwa kwa wingi miaka ya 2000 na ambacho bado hupatikana kwa mkono wa pili. Kina vitelezi vinane vyenye mwendo wa milimita 100, na chini ya kila kimoja mna mota ndogo inayoweza kukisogeza chenyewe.

JINSI YA KUUNGANISHA

Kwanza, umeme. Vyombo vingi vya zamani vilivyotoka Marekani vilipangwa kwa volti 120, ilhali umeme wetu ni wa volti 230 au 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Ikiwa ni cha volti 120, tumia transfoma ya kushushia umeme. Usifungue kifuniko wakati chombo kimechomekwa. Na hata baada ya kuchomolewa, umeme huweza kubaki ndani kwa muda.

Pili, toa waya kutoka tundu la KUTOKA la kidhibiti uingize katika tundu la KUINGIA la sinthesaiza.

Tatu, kinanda. Kwa kuwa Matrix-1000 haina kinanda, amri za kinanda na za vitelezi lazima ziingie kwa tundu moja. Usijaribu kuunganisha waya mbili kuwa moja kwa kuzisokota. Amri mbili zitagongana njiani na zote mbili kuharibika, kama matrekta mawili kwenye daraja la njia moja. Tumia kidhibiti chenye tundu la KUINGIA kinachoweza kuchanganya amri chenyewe, au kisanduku cha kuchanganya MIDI, ambacho hungoja amri moja iishe ndipo kiachie nyingine.

Nne, toa waya kutoka tundu la KUTOKA la sinthesaiza uingize katika kompyuta, ili uweze kuweka nakala ya sauti. Fanya hivyo kabla ya kugusa kitelezi hata kimoja. Zile nafasi 200 hushikiliwa na betri ndogo iliyo ndani ya sanduku. Betri ikifa, sauti hizo hufa nayo. Sanduku la umri wa zaidi ya miaka thelathini ambalo betri yake haijabadilishwa ni sanduku linalongoja msiba.

KUGAWA KAZI KWA VITELEZI VINANE

Vipimo ni karibu mia, vitelezi ni vinane. Hapana budi kuchagua. Mgawo ufuatao utamfaa mpigaji wa bendi:

Kitelezi cha 1: kufunguka kwa filta, kipimo namba 21.
Kitelezi cha 2: mwangwi wa ncha ya filta, kipimo namba 24.
Kitelezi cha 3: mchanganyo wa osileta mbili, kipimo namba 20.
Kitelezi cha 4: upana wa wimbi la osileta ya kwanza, kipimo namba 3.
Kitelezi cha 5 hadi cha 8: enveloopu ya kipaza, yaani kuanza kwa sauti, kushuka kwake, kiwango cha kubaki, na kukawia baada ya kidole kuondoka. Namba zake zimo katika kitabu cha chombo.

Angalia jambo moja. Si kila kipimo hufika 127. Filta hufika huko, lakini mwangwi wa ncha una mwisho wa 63. Ukiacha kitelezi kitume hadi 127, nusu ya juu itatuma kiasi ambacho chombo hakikipangiwa. Katika kidhibiti weka mpaka wa chini 0 na mpaka wa juu 63, ili mwendo mzima wa kitelezi uwe na kazi.

Sasa jaribu. Chukua sauti ya tarumbeta mojawapo kati ya zile 1,000. Mpiga tarumbeta wa kweli hatoi noti kama bomba linavyotoa maji. Pumzi huanza, noti hung'aa, kisha hutulia. Sogeza kitelezi cha 5 juu kidogo ili sauti isianze kwa kishindo. Shusha cha 1 mpaka ung'avu wa kupindukia uondoke. Panga cha 8 ili noti isikatike kama iliyokatwa kwa panga. Sikiliza pamoja na gitaa na besi, si peke yake, maana sauti nzuri nyumbani huweza kupotea katikati ya bendi.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Tatizo la kwanza ni foleni. Amri yetu ina namba saba, na waya hupitisha namba 3,125 kwa sekunde, yaani amri kama 446 tu kwa sekunde. Ukisukuma vitelezi vyote vinane kutoka chini hadi juu, vyaweza kutuma hatua 128 kila kimoja, jumla amri 1,024. Amri hizo huhitaji zaidi ya sekunde mbili kupita, na noti za kinanda zimo katika foleni hiyohiyo. Dawa ni nyepesi: sogeza kitelezi kimoja au viwili kwa wakati mmoja, na usifanye marekebisho makubwa katikati ya wimbo.

Tatizo la pili ni la sanduku lenyewe. Programu ya ndani ya Matrix-1000 ya awali hulemewa inapopokea amri hizi mfululizo, na sauti huweza kukatika kwa kitambo. Jambo la kutia moyo ni kwamba miongo kadhaa baada ya kiwanda kuacha kulishughulikia sanduku hili, watumiaji wenyewe waliandika programu mpya ya ndani na kuisambaza katika chipu ya kubadilisha. Sanduku lenye chipu hiyo hupokea amri za vitelezi vizuri zaidi. Hii ni kazi ya mafundi walioshirikiana bila kuamriwa na mwajiri.

Tatizo la tatu ni kuruka. Tuseme sauti uliyochagua ina filta ya 30, lakini kitelezi kiko 110. Ukikigusa tu, filta huruka kutoka 30 hadi 110, na wacheza dansi watashtuka. Mota za kitelezi zingeweza kusaidia, lakini sanduku hutuma habari za sauti nzima kwa mkupuo mmoja, na kidhibiti peke yake hakiwezi kuuchambua mkupuo huo. Hapo huhitajika kompyuta yenye programu ya kutafsiri. Asiye na kompyuta jukwaani afanye hivi: achague sauti chache anazozitumia, na kwa kila moja ahifadhi katika kidhibiti mpango wenye vitelezi vilivyokaa mahali panapolingana na sauti hiyo. Akiita mpango, mota huvipeleka vitelezi mahali pake, na kuruka hakutokei.

Tatizo la nne ni usahaulifu. Mabadiliko ya vitelezi hukaa katika kumbukumbu ya muda. Ukichagua sauti nyingine kabla ya kutuma amri ya kuhifadhi, kazi yote imepotea. Ukipata sauti nzuri, ihifadhi papo hapo katika mojawapo ya nafasi 200, na uandike namba yake katika daftari.

SAUTI NI MALI YA NANI?

Tumefika kwenye jambo ambalo chama hakiwezi kulinyamazia. Mpigaji akikaa usiku kucha akitengeneza sauti arobaini ndani ya sinthesaiza ya mwenye hoteli, sauti hizo ni za nani? Sanduku ni la mwenye hoteli. Jasho ni la mpigaji. Siku akiachishwa kazi, huondoka mikono mitupu, na mwingine hupandishwa jukwaani kupiga kwa sauti zilezile kwa malipo madogo zaidi.

Wanamuziki wa nchi nyingine walipambana na jambo la jinsi hii kwa umoja. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kilianza mgomo dhidi ya kampuni za kurekodi, kwa kuwa santuri zilikuwa zinachukua nafasi ya wapigaji wa mahali pa burudani. Kampuni kubwa za mwisho zilikubali masharti mwezi Novemba 1944, na sehemu ya mapato ya santuri ikaingizwa katika mfuko wa kuwalipa wanamuziki. Hawakuizuia santuri. Walidai sehemu yao katika santuri.

Kwa mpigaji wa kinanda wa leo twashauri mambo matatu. Moja, weka nakala ya sauti zako katika kompyuta au kadi ya kumbukumbu iliyo mali yako, pamoja na mipango ya vitelezi. Sauti moja ni orodha ya namba tu. Hubebwa kwa urahisi kuliko fimbo za ngoma. Pili, kabla ya kuanza kazi, iandikwe katika mkataba kwamba sauti ulizotengeneza waruhusiwa kuondoka na nakala yake, na kwamba mwenye chombo akiendelea kuzitumia patakuwa na malipo. Tatu, wapigaji wa mji mmoja wakubaliane masharti hayo kwa pamoja, kwani mmoja akidai peke yake ataambiwa wapo wengine mlangoni.

Na aliye katika kiwanda cha nguo au shamba la chai, asione kwamba habari hii haimhusu. Mashine mpya zinazoingia mahali pa kazi nazo zinapoteza vishikizo. Badala ya gurudumu na wenzo, mfanyakazi huwekewa kioo chenye namba, na vipimo vya ndani hufungwa kwa neno la siri la mwenye kuuza mashine. Ikiharibika, fundi wa kiwanda huambiwa asiguse, aitwe mtu kutoka ng'ambo. Kamati za wafanyakazi zinapokaa na uongozi kuzungumzia mashine mpya, zaweza kuuliza maswali yaleyale ambayo mpigaji wa kinanda amejifunza kuuliza: Je, mashine hii huongea lugha ya wote au ya kampuni moja? Kitabu cha amri zake tutapewa? Fundi wetu ataruhusiwa kubadili vipimo? Nakala ya mipangilio itakaa kwa nani?

Lugha ya MIDI ya mwaka 1983 ingali inafanya kazi hadi leo, ingawa mwaka 2020 toleo la pili lilitangazwa. Sanduku lililotengenezwa bila kishikizo hata kimoja sasa linaamriwa kwa vidole vinane, kwa sababu lugha yake haikufungiwa kabatini na kwa sababu watu waliojua waliwafundisha wasiojua. Mwenye kinanda na asome kitabu cha chombo chake, aweke nakala kabla ya kuanza, na akishajifunza amfundishe mwenzake wa bendi ya pili.